Kabla ya kumzimia shosho simu, tafuta filta

Hebu nikuulize. Kwenu simu ya mezani ikilia, intaneti hukatika? Ukiinua mkono wa simu upige, unasikia shhhhh kama mvua juu ya mabati? Taa ya modemu huanza kupepesa kila mtu wa nyumbani anapopokea simu? Kama umejibu ndiyo hata mara moja, usimgombeze mtu leo. Soma hii kwanza, halafu uende ukaangalie ukutani.

Najua kuna atakayesema, "Buda, nani bado ana simu ya mezani?" Tulia. Wengi wenu mnatumia bando, sawa. Tangu nyaya za chini ya bahari zifike Mombasa mwaka 2009, kila mtu amejipatia intaneti kwa njia yake. Lakini pita Buruburu, pita South B, pita zile nyumba ambazo wazazi walinunua kabla hatujazaliwa. Laini ya waya iko pale ukutani tangu enzi hizo, na nambari ni ile ya 020 ambayo ukoo mzima umeikariri. Mwenye nyumba alipotaka intaneti isiyomhesabia megabaiti, aliambiwa, waya si unao tayari, tutakupitishia DSL hapo hapo. Akakubali. Modemu ikaletwa ndani ya boksi.

Kwetu shida ilianzia ndani ya hilo boksi.

Niliacha chuo nikiwa mwaka wa pili. Karo ilikataa, ni hadithi ndefu na siyo ya leo. Anko wangu akanipa chumba cha nyuma kwake Eastlands, akaniambia mambo mawili: usichelewe kurudi usiku, na tafuta kazi. Kazi niliipata mtandaoni. Nilikuwa nikisikiliza rekodi za mikutano ya watu wa ng'ambo, ninaandika kila neno walilosema, halafu ninatuma. Malipo yalihesabiwa kwa dakika ya sauti. Ukichelewa kutuma, umefanya kazi ya bure. Mteja hakujui, hajawahi kuona sura yako, yeye anaangalia saa tu.

Anko alikuwa ameweka DSL kwa sababu ya biashara yake. Mimi ndiye niliyemfungia modemu. Si unajua vile huwa: kijana wa nyumbani ndiye "mtu wa kompyuta", hata kama kozi aliiacha katikati. Nikafungua boksi, nikatoa modemu, nikatoa waya, nikachomeka, taa zikawaka kijani. Anti akapiga makofi. Ndani ya boksi kukabaki vitu viwili vidogo vyeupe vilivyofungwa kwa plastiki, kila kimoja ukubwa wa kiberiti. Sikujua ni vya nini. Nikadhani ni vipuri. Nikaviacha humo, boksi nikaliweka juu ya kabati.

Baada ya wiki moja hivi nikaanza kuona mtindo. Asubuhi yote intaneti ni poa. Ikifika jioni inakatika. Inarudi baada ya dakika moja, inakatika tena. Unatuma faili, imefika asilimia tisini, inakufa, anza upya. Nikaketi sebuleni siku moja kuchunguza. Kila mara ilikuwa ni simu ya mezani. Na simu ya mezani ilikuwa na mwenyewe: shosho.

Shosho, mama yake anko, alikuwa na simu ya mkononi pia. Aliiweka kwenye kabati la vyombo. Alisema haisikiki vizuri na vibonyezo vyake ni vya vidole vya watoto. Yake ilikuwa ile ya sebuleni. Jioni ndipo akina mama wa kanisa walipompigia, na zaidi ya wote dada yake wa Murang'a. Wawili hao walikuwa na kicheko kimoja. Tulikuwa tukimsikia shosho akicheka mpaka kule chumba cha nyuma. Ile nambari ya 020 dada yake alikuwa ameiandika nyuma ya kalenda, na mwaka ukiisha anaihamishia kwenye kalenda mpya.

Nilipigia kampuni simu mara nyingi. Kila mara jibu lilikuwa lile lile: zima modemu, hesabu hadi thelathini, washa. Nikazima, nikawasha. Ikafanya kazi, mpaka simu ilipolia. Hakuna hata mmoja wao aliyeniuliza swali moja dogo: nyumbani kwenu kuna simu ngapi kwenye hiyo laini?

Basi nikajitafutia suluhisho. Nilimwambia anko kwamba kazi yangu na simu ya shosho haziwezi kuishi kwa waya mmoja. Yeye naye alikuwa na barua pepe zake za biashara zilizokuwa zikikwama. Tukaelewana. Nikachukua karatasi, nikaandika "Simu ni asubuhi pekee", nikaibandika ukutani juu ya simu. Ikifika jioni ninaichomoa kabisa. Shosho hakubishana. Aliuliza tu, "Kwani inaharibu?" Nikamjibu, "Ndiyo shosho, inaharibu." Nilijibu kwa sauti ya mtu anayejua anachosema.

Tuliishi hivyo karibu miezi miwili. Halafu dada yake akalazwa. Watu wa kule walipiga ile nambari ya kwenye kalenda, na walipiga jioni kwa sababu jioni ndipo walipokuwa wametoka hospitalini. Siku ya kwanza walipiga. Siku ya pili wakapiga. Huku kwetu waya wa simu ulikuwa umelala sakafuni, na mimi nilikuwa chumba cha nyuma nikiandika mkutano wa watu nisiowajua. Siku ya tatu mtu fulani akapata nambari ya anko kupitia mtu mwingine. Shosho aliondoka Nairobi alfajiri. Alipofika, dada yake alikuwa ameaga usiku huo.

Hakunilaumu. Ingekuwa afadhali angenilaumu.

Fundi alikuja baada ya mazishi, kwa sababu laini ilikuwa na ule mlio wa shhhhh hata asubuhi. Akainua simu, akasikiliza, akatazama ukutani, akaniuliza, "Filta ziko wapi?" Nikamuuliza filta gani. Akanichorea hewani, kwa vidole viwili, umbo la kiberiti. Nikapanda kiti, nikashusha boksi. Akachana plastiki, akachomeka moja kwenye simu ya sebuleni na nyingine kwenye simu ya chumbani kwa anko. Dakika tano hazikuisha. Akatoa simu yake ya mkononi, akapiga ile 020. Simu ikalia. Nikakodolea macho modemu. Taa haikupepesa hata kidogo.

Sasa nikueleze nilichokuja kujifunza baadaye, ili wewe ujifunze mapema.

Waya wa simu unaoingia kwenu ni jozi ya nyuzi mbili za shaba. Uliwekwa kwa ajili ya sauti ya mtu, na sauti ya mtu haihitaji nafasi kubwa: mfumo wa simu huipitisha kati ya hezi 300 na hezi 3,400 hivi. Juu ya hapo ule waya una nafasi kubwa iliyokaa bure. DSL huingia humo. Aina iliyopatikana kwenye nyumba nyingi, yaani ADSL, hutumia masafa ya kuanzia kilohezi 25 hivi hadi megahezi 1.1, na ndugu yake ADSL2+ hupanda hadi megahezi 2.2. Fikiria jumba la ghorofa. Sauti inaishi chini, data inaishi juu, lango ni moja.

Ile herufi A ya mwanzo inamaanisha pande mbili hazilingani: kinachoingia kwako hupewa nafasi kubwa, unachotuma hupewa ndogo. Mhandisi Mmarekani Joseph Lechleider, aliyekuwa akifanya kazi Bellcore, ndiye anayekumbukwa kwa kupendekeza mpango huo miaka ya 1980. Ndiyo maana kupakua rekodi kulinichukua muda mfupi lakini kutuma faili kubwa kulikuwa kama kusukuma mkokoteni mlimani. Laini ikikatika katikati ya kutuma, unaumia zaidi.

Shida ni kwamba simu ya mezani haijui habari za ghorofa. Ilitengenezwa ikiwa peke yake kwenye waya. Bila filta, masafa ya data yanaingia ndani yake na sehemu yake inatokea masikioni kama ule mlio wa mvua. Nayo simu inasumbua data. Ukiinua mkono wa simu, hali ya umeme kwenye laini inabadilika ghafla: volti 48 hivi zilizokuwa zimetulia zinashuka. Ikilia ni mbaya zaidi, kwa sababu kituo cha simu hutuma makumi ya volti za umeme wa kupanda na kushuka ili kengele ipige. Modemu yako, ambayo muda wote huo ilikuwa ikisikiliza mnong'ono kutoka kituo kilicho mbali, inapoteza mawasiliano. Inalazimika kuanza kusalimiana na kituo upya. Ile dakika moja niliyokuwa nikingoja kwa hasira kila jioni ilikuwa ya salamu hizo.

Filta inakata ugomvi huo. Ndani yake kuna koili za waya na kapasita, basi. Haitaki umeme, haitaki betri, haitaki neno la siri. Inafanya kazi kama kichungi cha chai: chai inapita, majani yanabaki. Sauti inapita kwenda kwa simu, masafa ya juu yanazuiwa yasiingie humo, na vurugu za simu hazirudi kwenye data.

Kanuni ni hii: kila kitu kilicho kwenye hiyo laini ambacho si modemu kipitie kwenye filta. Nimesema kila kitu. Simu ya sebuleni, simu ya chumbani, kile kitako cha simu isiyo na waya, faksi ya mzee, mashine ya kurekodi ujumbe, hata king'ora cha usalama kama kinapiga kupitia laini ya nyumbani. Kimoja kikibaki bila, kinatosha kuwaharibia wote. Watu wengi huweka filta kwenye simu iliyo karibu na modemu na kusahau ile ya jikoni, halafu wanasema filta ni uongo.

Modemu yenyewe usiipitishe upande wa simu wa filta. Ukifanya hivyo, filta itazuia data yenyewe na hutapata kitu. Filta nyingi zina matundu mawili, moja la simu na jingine la modemu. Soma alama zilizoandikwa, usikisie. Usichomeke filta juu ya filta nyingine. Ukienda kununua, beba hata picha ya tundu lako la ukutani uhakikishe kipini kinaingia. Na kama nyumba ina simu nyingi, mwambie fundi aweke splita moja pale waya unapoingilia nyumbani, itenganishe sauti na data mara moja, badala ya kujaza filta kila ukuta.

Ukitaka kujua kosa liko wapi, chomoa simu zote na kila kitu kingine kwenye laini, ubakishe modemu peke yake. Iache jioni nzima. Ikitulia, shida iko ndani ya nyumba yenu. Ikiendelea kukatika, hasa mvua ikinyesha, huenda ni maungio ya waya huko nje yaliyoingia maji au kutu, na hapo wapigie kampuni kelele, una haki. Kipimo kingine: filta zikiwa mahali pake, inua simu, bonyeza nambari moja ili ule mlio wa kwanza unyamaze, kisha usikilize. Ukimya ni dalili nzuri. Mikwaruzo siyo.

Hayo ndiyo ya kiufundi. Sasa maoni yangu, na ukitaka kunipinga nipinge.

Kwanza, kampuni zinazouza hizi laini zina deni kwetu. Mabango yao yanasema kasi, kasi, kasi. Lakini kifaa kinachofanya hiyo kasi ikae kinatupwa chini ya boksi kama kijizawadi, na maelezo yake yako kwenye kikaratasi chenye Kiingereza cha herufi za sisimizi. Weka karatasi moja juu kabisa ya boksi, kwa Kiswahili, yenye mchoro: simu, filta, ukuta. Na yule anayepokea simu za wateja, kabla ya kumwambia mtu azime na kuwasha, amuulize ana simu ngapi na kama kila moja ina filta. Swali hilo halimalizi sekunde kumi. Kwetu lingeokoa miezi miwili.

Pili, na hapa ndipo panapouma, sisi wenyewe. Kizazi chetu kinadhani kujua kubonyeza ni kujua kitu kinavyofanya kazi. Intaneti ikikatika, mshukiwa wa kwanza ndani ya nyumba huwa ni yule anayejua kidogo zaidi. "Mama umeguza nini?" "Shosho ameharibu." "Yaya achomoe hiyo simu." Hatuna ushahidi, tuna sauti kubwa tu, na kwa vile wazee wametukubali sisi ndio watu wa dijitali, wanatuamini. Shosho aliniamini. Alijiona yeye ndiye anayeharibu kitu nyumbani kwa mwanawe, akanyamaza.

Na usiniambie hukusomea uhandisi. Hata mimi sikusomea, chuo chenyewe sikumaliza. Ile karatasi ilikuwa ndani ya boksi. Dakika tano za kuisoma, au dakika tano za kutafuta kwenye hiyo hiyo intaneti niliyokuwa nikiilalamikia, zingetosha. Nililipwa kuandika kila neno la watu wasionijua, na sikusoma ukurasa mmoja uliokuwa umeandikwa kwa ajili yangu.

Kuna wanaosema haya ni mambo ya kizamani. Eti laini za shaba zinakufa, nyaya zenyewe zinaibwa na kuuzwa kama vyuma kuukuu, kila mtu ataishia kwa simu ya mkononi. Inawezekana. Lakini jiulize, waliobaki kwenye laini hizo leo ni kina nani? Ni wazee ambao nambari yao haijabadilika kwa miaka mingi. Ni zahanati ndogo, maduka, ofisi za kanisa, masaibar yenye viti vinne. Hao ndio wanaopigiwa mtu akiwa na shida. Ukiwaletea DSL kwenye waya wao halafu ukawaambia wasipokee simu, umewapa kimoja kwa mkono wa kulia na kunyang'anya kingine kwa wa kushoto. Na hakuna haja, kwa sababu waya huo unaweza kubeba vyote viwili. Hicho ndicho DSL ilitengenezewa.

Karatasi yangu niliibandua siku ile ile fundi alipoondoka. Gundi imeacha alama nne ukutani, na anti hajawahi kuniambia nizipake rangi. Jioni simu ikilia bado ninatupa jicho kwa taa ya modemu, ni mazoea tu. Inabaki vile vile. Shosho anapokea, anaongea na akina mama wa kanisa, mimi ninatuma faili zangu. Siku moja aliniita nimsomee zile alama za kwenye filta, akataka kujua ni kitu gani kidogo hivyo kinachofanya kazi kubwa hivyo. Nikamweleza ile ya kichungi cha chai. Akakishika, akakigeuza, akauliza kilikuwa wapi siku zote. Nikamwambia kilikuwa juu ya kabati.

Kwa hivyo leo ukifika nyumbani, kabla ya kumwambia mtu yeyote aache kutumia simu, tafuta boksi la modemu. Liangalie mpaka chini.